Chupa na Birika

Bi Idalina aliiweka picha mezani kwangu
kifudifudi, kama mtu anayelipa deni la aibu.
Theluji ilikuwa bado mabegani mwake.
"Mtoe baba chupa mkononi," alisema.
"Jumamosi binti yangu anaolewa, picha itatundikwa ukumbini.
Mpe kitu kingine. Chochote. Ila watu wasijue."

Nikaigeuza. Covilhã, mwaka sabini na moja:
meza, kitambaa cha mauamaua,
birika la aluminiamu lililosuguliwa hadi likawa kioo,
na Adelino mfumaji, shati la kiwandani,
macho yamekaza kwenye lenzi, hayaombi radhi,
chupa ameishika shingoni
kama ashikwavyo kuku wa kuchinjwa.

Kufuta si kazi. Hata mtoto anaweza kufuta.
Unazungusha mstari, unaazima kitambaa upande wa kushoto,
unapanga maua juu ya maua,
chupa inakwenda zake.
Kinachobaki ni mkono.

Nilimpa mkate: vidole vikaunyonga.
Nilimpa kitabu: akakishika kama anayetaka kukirusha.
Nilimpa shada la maua, Mungu anisamehe,
akawa mwizi wa makaburini.
Siku mbili kipanya kililowa jasho langu
na Adelino akakataa kila nilichomkabidhi.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Quitéria,
aliyefanya kazi kiwandani mpaka mashine zikauzwa,
nikaazima koni ya uzi, sufu ya kijivu,
nyembamba juu, nene chini.
Nikaisimamisha dirishani saa kumi jioni,
jua lile lile, la kushoto, la rangi ya chai.
Ili nilipate jicho la yule mpigaji wa kwanza
ilibidi nipige magoti.
Sikujiuliza kwa nini.

Kisha tabaka juu ya tabaka:
vidole vinne mbele, gumba nyuma,
unyoya mmoja mmoja wa sufu ukichungulia katikati.
Niliipunguzia makali, maana lenzi ile haikuwa nayo.
Niliinyunyizia chembe, maana uongo msafi mno hunuka.
Kivuli nilikitia kizito pale koni inapogusa meza,
kisha nikakiacha kififie kadiri kinavyokwenda mbali,
kama habari.

Mkono ukakubali.
Naapa niliona bega lake likishuka.

Basi nikaikuza picha kutafuta mshono,
mara nne, mara nane,
na humo tumboni mwa birika
chupa ilikuwa bado imesimama,
imepinda, ya kijani, ndogo kama punje ya dengu.
Siri ya mtungi aijuaye kata; hii ilijua birika.
Nyuma ya chupa, amebanwa na mviringo wa chuma,
gauni, soksi moja imeshuka,
mtoto. Kamera imemficha uso.

Chupa na mtoto walikuwa wameshikana, nukta kwa nukta.
Sina brashi nyembamba ya kupita hapo.
Nikimfuta mmoja, mwingine anabaki doa.

Nilimpigia simu. Alikuja na unga kwenye viwiko.
Akainama, pua karibu iguse skrini,
akakaa hivyo mpaka kompyuta ikadhani tumeondoka,
ikazima taa yake. Nikaiamsha.

"Kamera ya mjomba, aliileta kutoka Ufaransa," alisema.
"Baba alikuwa amelewa. Akaniambia, haya, piga basi.
Hakutikisika mpaka nilipomaliza."

"Nifute?"
"Nani?"
Sikuwa na jibu la hilo.

Alifunga vifungo vya koti, akaruka kimoja.
"Liache birika. Nani huenda harusini kutazama birika?"

Alilipa noti, chenji akaisahau.
Ile picha ya zamani hakuisahau: aliipangusa kwa mkono wa koti,
akaacha unga kidogo kwenye paji la uso la baba yake,
akaona,
akauacha.